Lundo la kinyesi liacheni, pigeni kuta

Inzi wakizidi kwenye banda la kuku wa mayai, mfugaji anabeba bomba la dawa mgongoni. Anapiga kuta, anapiga dari, kisha anamalizia kwenye lundo la kinyesi chini ya vizimba. Ugomvi wangu naye unaanzia hapo kwenye lundo.

Ndani yake anaishi utitiri wa rangi ya kahawia, wa milimita moja hivi tu, anayeitwa Macrocheles muscaedomesticae. Chakula chake ni mayai ya inzi na mabuu yaliyoanguliwa punde, na mmoja anaweza kula hadi mayai 20 kwa siku. Hukaa kwenye tabaka la nje, kulekule inzi anakotagia. Banua ukoko wa kinyesi kilichokaa wiki kadhaa, chenye unyevu kidogo tu, utulie utazame: vitone vyenye miguu vitatawanyika mbio. Chini zaidi kuna jamaa yake, Fuscuropoda vegetans. Yupo pia mbawakawa mdogo mweusi, Carcinops pumilio, naye ni mlaji wa mayai na mabuu hayohayo.

Kinachonifurahisha zaidi ni usafiri wao. Utitiri jike humng'ang'ania inzi mwilini akabebwa hadi kwenye kinyesi kipya. Inzi anatua kutaga, abiria anashuka, mayai yanaliwa. Na nauli hajalipa!

Sasa mwagia lundo sumu. Inzi wapevu wengi wako ukutani na darini. Wanaoangamia ni hawa wawindaji. Inzi hawachelewi kurudi, maana kwenye joto yai huwa inzi kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, na jike hutaga mayai 100 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Tena wengi wao wameshakuwa sugu kwa dawa zilezile.

Usafi nao una hasara yake. Ukikomba kinyesi chote mpaka sakafu ing'ae, kinyesi kibichi kitaanza kudondoka pasipo na mwindaji hata mmoja, na inzi watakiwahi. Bakiza tabaka la kinyesi cha zamani kikavu, au ondoa mstari mmoja uuache wa pili kwa muda. Anayekomba kila wiki bila kukosa simgombezi, kwa kuwa anawahi kabla buu hajawa inzi.

Lakini lolote utakalofanya, anza na maji. Kinywesheo kinachovuja hugeuza kinyesi kuwa uji. Mabuu wanauchangamkia, utitiri hawawezi kuishi humo. Fundi wa bomba la maji ana faida kuliko lita nyingi za sumu.

Wapo watakaoniuliza kama utitiri si ndio wanaonyonya damu ya kuku. Huyo ni mwingine, Dermanyssus gallinae, anayejificha mchana kwenye nyufa za vichanja na viota na kutoka usiku. Dawa yake ipigwe huko kwenye nyufa.

Utitiri wa kwenye lundo hawatamaliza inzi wote. Waliobaki watege kwa chambo, au piga dawa pale wanapolala usiku, kutani na darini. Ikibidi kabisa kugusa lundo, tumia dawa ya mabuu kama siromazini, ambayo haiwaumizi sana utitiri, na uiweke pale tu unapoona mabuu yanachemka.