Kalibu, mkono na bei katika kristali ya Lalique

Chombo cha maua kiitwacho Bacchantes, ambacho Mfaransa René Lalique alikibuni mwaka 1927, kinatengenezwa hadi leo katika kiwanda cha Wingen-sur-Moder, Alsace, nchini Ufaransa, na maumbo ya wanawake wanaocheza kukizunguka hupata maungo yao ndani ya kalibu. Hapo ndipo ubishi unapoanza: je, kitu kinachotolewa kwenye kalibu, tena na tena, kinastahili kuitwa sanamu na kuuzwa kwa bei ya sanamu?

Wanaokataa husema kwamba ubunifu ulikwisha siku umbo la kwanza lilipochongwa, na kwamba yanayofuata ni uzalishaji tu. Hoja hii ina uzito, kwa sababu Lalique mwenyewe, sonara aliyeingia katika kioo kupitia chupa za manukato za François Coty, aliichagua kalibu makusudi ili kazi zake ziwafikie watu wengi kuliko wale waliomudu vito vyake.

Hata hivyo, anayesema hivyo hajaangalia kinachotokea baada ya kalibu kufunguliwa. Kipande hupoozwa polepole ili kisipasuke, kisha hukaguliwa, na kikionekana na kiputo au mstari usiotakiwa huvunjwa. Kilichosalimika bado kina alama za maungio ya kalibu, ambazo fundi huzisaga; hurudia mikunjo ya nguo na vidole, akaacha ngozi iwe na ukungu na sehemu nyingine akazing'arisha hadi zipitishe mwanga. Tofauti hiyo ya ukungu na mng'ao ndiyo inayoupa mwili uhai, na kalibu haiwezi kuitoa. Madini ya risasi yaliyomo katika kristali humsaidia fundi, kwa kuwa hulainisha kioo kwa ukataji na kukizidishia mng'ao. Kanuni za Ulaya hudai angalau asilimia 24 ya oksidi ya risasi ili kioo kiitwe kristali ya risasi. UNESCO nayo iliuorodhesha utengenezaji wa kioo kwa mkono kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, kwa maombi ya Ufaransa na nchi nyingine tano.

Kwa hiyo, juu ya suala la mkono, mimi niko upande wa mafundi. Kinachonitatiza ni idadi. Kalibu iliyochaguliwa ili kuzidisha sasa hutumika pia kuadimisha: matoleo machache yenye namba, na kazi za ushirikiano na majina makubwa kama msanii Damien Hirst na msanifu majengo Zaha Hadid. Watetezi hujibu kwamba tanuri halizimwi ovyo, na kwamba fundi hufunzwa kwa miaka mingi, hivyo vitu vichache vya bei kubwa ndivyo vinavyolipa mishahara. Nakubali, lakini uchache huo umeamuliwa ofisini, haukutokana na ugumu wa kazi.

Soko la vitu vya zamani linalionyesha jambo hili waziwazi. Baada ya René kufariki mwaka 1945, herufi R iliondolewa kwenye sahihi ya “R. Lalique”, na mwanawe Marc akahamia kwenye kristali, yenye risasi nyingi kuliko kioo alichotumia baba yake. Wakusanyaji, pamoja na hayo, huitafuta zaidi ile R. Yaani wanalipia jina kuliko kioo, na jina la aliyesaga maungio halimo katika hesabu hiyo kabisa.