Gunia la Tunduma na katoni ya Ulaya

Ukitokea Dar es Salaam, barabara kuu inapofika Uyole inagawanyika. Ya kushoto inapanda Tukuyu, inateremka Kyela hadi mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Inayonyooka inapita Mbeya mjini, Mbalizi na Vwawa, inafika Tunduma kwenye lango la Zambia. Msimu wa mavuno, malori ya mahindi na mchele yanaelekea mipakani. Mengine yanateremka kutoka Rungwe na kukunja kulia, yamebeba maparachichi yanayotafuta meli ya Ulaya.

Mizigo hiyo miwili inapishana pale Uyole, na kila mmoja una watetezi wake. Wapo wanaosema utajiri uko mbali, kwa mteja mwenye dola, na kwamba kuuziana na majirani ambao ni wakulima kama sisi ni kuzungusha umaskini. Wapo wanaosema mteja wa kweli ni jirani, maana anakuja na hela mkononi wala haulizi cheti cha shamba. Na lipo kundi la tatu, ambalo husikika zaidi mwaka wa ukame: mahindi yabaki nyumbani, tule kwanza. Mimi naamini jirani ndiye anayetujengea pato lenye mizizi, na kwamba mipaka inayofungwa ghafla inatuumiza kuliko umbali wa soko lolote. Lakini hoja za wenzangu zina uzito, na nitazieleza kama wanavyozieleza wao.

Tuanze na hesabu, maana hapa wengi huteleza. Pato la taifa hupatikana kwa kujumlisha matumizi ya wananchi, uwekezaji, matumizi ya serikali na mauzo ya nje, kisha kutoa manunuzi kutoka nje. Mtu akisikia neno "kutoa" anadhani kila kinachoingia nchini kinatufukarisha. Sivyo. Bidhaa ya nje inatolewa kwa sababu imeshajumlishwa kwenye matumizi au uwekezaji ilhali haikuzalishwa hapa. Mfuko wa mbolea ya urea unaotolewa kwenye hesabu leo ndio unaozaa magunia ya mahindi ya mwezi wa saba. Kwa hiyo tusijiulize tu tumeuza kiasi gani na kununua kiasi gani. Tujiulize kazi imefanyika wapi, na hela yake imebaki mikononi mwa nani.

Kwa swali hilo, nenda Tunduma asubuhi. Mji umeshikana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mgeni anaweza kuvuka bila kujua. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019, na malori yanahudumiwa humo, lakini nusu ya maisha ya mpaka iko nje ya lango. Baiskeli zenye magunia, makuli wenye vilemba vya kanga, vijana wa kubadilisha fedha wameshika vibunda vya kwacha na shilingi, mama lishe anayemwagia maharage juu ya wali wa dereva ambaye amelala kwenye foleni. Mama anayeuza mchele hapo anakuonyesha chenga kwenye kiganja: huu ni wa Usangu, huu wa Kyela, unusa mwenyewe. Mnunuzi kutoka ng'ambo ananusa kweli, anachota punje chache, anatafuna, ndipo wanaanza kupatana bei.

Huo mchele umepita wapi? Umelimwa Mbarali, umekobolewa Igurusi, umefungashwa kwenye viroba vilivyoshonwa na kijana wa mashineni, umebebwa na fuso ya mtu wa hapa, umelala kwenye ghala la mtu wa hapa. Karibu kila shilingi iliyoongezeka juu ya mpunga imeongezeka upande huu wa mpaka. Ndiyo maana napima biashara ya jirani juu kuliko takwimu zake zinavyoonyesha. Isitoshe, takwimu zenyewe haziuoni mzigo wote: gunia likivuka kwa baiskeli kwenye njia ya panya, kwa vitabu vya forodha ni kama halikuwahi kuwepo, ingawa ada ya shule ya mtoto wa yule mama imetoka humo humo.

Kuna pato jingine la jirani tunalolisahau, nalo ni kumpitishia mizigo yake. Shaba ya Zambia na Kongo ikishuka bandarini Dar es Salaam, na mafuta yakipanda kwenda Ndola kwa bomba la TAZAMA lililoanza kazi 1968, sisi tunauza huduma. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa 1976 kwa kazi hiyo hiyo. Anayepinga atasema, na ni kweli, kwamba barabara yetu inachakaa kwa mizigo ya wengine, na kwamba lori likikata breki kwenye mteremko wa Mbalizi wanaokufa ni watu wetu. Tena pato la taifa halina safu ya kutoa vifo hivyo. Lori likivutwa na lami ikizibwa, hesabu inapanda. Hilo linanisumbua kila ninapopita pale. Upanuzi wa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni deni tulilostahili kulipwa zamani.

Sasa mahindi, ambako ubishi ndio mkali. Wanaotaka yabaki nyumbani hawasemi kwa uchoyo. Mtu wa mjini anayenunua unga kwa kilo anajua bei inavyoruka wanunuzi wa nje wanapoingia vijijini, na serikali iliyowahi kuona njaa haiwezi kulaumiwa kwa kuogopa. Kwa hofu hiyo, Juni 2017, serikali ilizuia mahindi kwenda nje. Lakini hofu hiyo ililipiwa na nani? Huku Songwe, Rukwa, Ruvuma na Mbeya wakulima walikuwa na mavuno, wateja wa nje wakakata mguu, bei ikaporomoka hadi wengine wakawa wanauza chini ya walichotumia kwa mbolea na palizi. Mtu wa mjini alipata unafuu, ukalipwa na mtu wa jembe, ambaye ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo huo.

Linganisha na 2024. Ukame uliikausha Zambia, Rais wao akautangaza kuwa janga la taifa mwezi wa pili, na katikati ya mwaka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ukakubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi. Zambia ile ile iliyokuwa na ziada miaka mingine. Soko la jirani lina tabia hiyo: linakuhitaji sana mwaka wake mbaya, na mwaka wake mzuri halikuhitaji. Huu ndio udhaifu mkubwa wa hoja yangu, na siufichi. Tunalima karibu mazao yale yale. Mvua ikinyesha vizuri kote, Nakonde hawanunui mahindi ya Mbozi. Na jirani naye ana hofu zake. Machi 2025 Malawi, iliyobanwa na uhaba wa fedha za kigeni, ilizuia kuingiza unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Kwa Kyela na Rungwe hilo lilikuwa pigo la moja kwa moja, maana ndizi na mchele huo ni wetu. Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo nayo ilikuwa imezikatalia ndizi zetu kwa muda mrefu. Baada ya siku chache za mazungumzo zuio letu likaondolewa.

Nilielewa hasira iliyoleta jibu lile, na nadhani lilisaidia kuwaleta watu mezani. Lakini ndizi hazisubiri mazungumzo. Mkungu uliokatwa Jumatatu, Ijumaa umeiva njiani, na aliyeukata hana pa kudai.

Tugeukie katoni ya Ulaya. Ni ya kilo 4. Wakisema "saizi 18" wanamaanisha matunda 18 ya Hass, aina ya parachichi inayouzwa nje, yameijaza. Yakiwa madogo yanaingia mengi zaidi na bei hushuka. Tunda lazima lichumwe na kikonyo chake, lisigonge chini, liwe limekomaa kiasi cha kustahimili wiki kadhaa za baharini na kuivia dukani. Anayelifikia soko hilo analipwa kwa fedha ya kigeni, ile ile inayonunua dizeli na mbolea, na hapa wanaopenda soko la mbali wana hoja ambayo jirani hawezi kuijibu: kwacha haikununulii urea. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozidisha bei ya mbolea ambayo tayari ilikuwa juu, na serikali ikalazimika kuweka ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23, kila mkulima aliona jinsi tulivyofungwa kwenye masoko ya mbali, tupende tusipende. Kiwanda cha mbolea cha Itracom pale Dodoma kinapunguza utegemezi huo kidogo kidogo. Na mwekezaji wake, ni vizuri kukumbuka, ametoka Burundi, kwa jirani.

Lakini kazi ya katoni hiyo inafanyika wapi? Shangazi yangu ana miche ya Hass Rungwe. Msimu mmoja dalali alimharakisha achume mapema kwa sababu lori lilikuwa limefika. Kwenye kiwanda cha kufungashia matunda yakapimwa, yakaonekana machanga, sehemu kubwa ikakataliwa. Hakuna aliyemrudishia. Alikuwa na soko la Ulaya kwa jina, mkononi akabaki na ndoo za maparachichi ya kuuza sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa bei ya kutupa.

Na kuna matunda yetu ambayo wanunuzi kutoka Kenya wamekuwa wakiyachukua shambani, yakaoshwa, yakapangwa kwa saizi na kupozwa kwao, kisha yakasafiri kwa jina la kwao. Hapo Tanzania imeandika bei ya shambani tu. Yote yaliyoongezwa juu yake yamehesabiwa Nairobi na Mombasa. Wengi walishangilia Julai 2025 serikali ilipowazuia wageni kununua mazao shambani, miongoni mwa biashara kadhaa walizokatazwa. Sababu yake naiona. Ila shangazi ananikumbusha kwamba Mkenya alikuwa akilipa papo hapo, na kwamba dalali wa hapa akibaki peke yake ndiye anayepanga bei. Ukimwondoa mnunuzi mmoja kabla hujaleta vyumba vya ubaridi na vipimo vya ukomavu karibu na kijiji, pato la taifa huenda lisibadilike sana, lakini la shangazi litashuka.

Ninachoomba si kikubwa. Serikali ikiona haja ya kuzuia mahindi, itangaze kabla ya kupanda, na NFRA iseme mapema itanunua tani ngapi na kwa bei gani. Majirani nao tukubaliane muda wa notisi kabla ya yeyote kufunga lango, hasa kwa mazao yanayooza. Tanzania na Zambia na Malawi wote tumo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Hilo linaweza kuandikwa.

Maana maamuzi ya Julai yanafanyika Novemba. Mvua za kwanza zinapogusa Mbozi, mkulima anasimama pembeni mwa shamba akihesabu mifuko ya mbolea anayoweza kukopa. Kama hajui lango la Tunduma litakuwa wazi au limefungwa mavuno yakifika, halimi ekari nne. Analima mbili, za kula, na zile mbili nyingine zinabaki majani.