Laana ya ukoo: inapanda kwa wakubwa au inashuka kwa mtoto?

Mtoto wa dada yangu anaandika riwaya ya kutisha. Mwezi uliopita aliniletea kurasa za kwanza hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, amezifunga kwa kamba ya kiatu, akaniambia: "Mjomba, soma, ila usisome usiku."

Hadithi yenyewe ni hii: msichana anarithi nyumba kubwa ya zamani katikati ya Lubumbashi, mijakaranda mbele, na nyuma chumba kimoja kisichofunguliwa. Katika ukoo wao kila kizazi kinazika mtoto. Nkambo, yaani babu, anajua kwa nini. Nkambo hasemi.

Nilisoma usiku, bila shaka. Tangu hapo nabishana na watu wawili. Dada yangu, mtu wa maombi, anaona kijana anamfungulia shetani mlango. Kwake sina mengi ya kujibu. Vitabu vyake vya maombi vina mashetani wengi kuliko riwaya ya mwanawe. Wa pili ni rafiki yangu mwalimu wa biolojia, anayesema mji wetu umeshiba hadithi za laana na hauna haja ya nyingine. Hoja yake ndiyo iliyoninyima usingizi.

Lakini nianze na kijana. Hadithi ya laana ya kurithi, ukiivua mizimu na milango inayojifunga yenyewe, ni hadithi ya mali. Mtu wa zamani alipata kitu kwa njia isiyosemeka, na waliomfuata wanakila bila kuuliza. Watu wa Katanga, eneo letu hili, hatukufundishwa jambo hili na wageni. Miaka ya 1970 saloni (sebule) nyingi za hapa zilikuwa na picha ya mamba muntu ukutani, nusu mwanamke, nusu samaki. Kila mtoto alijua maelezo yake: mwanamume akiokota nywele zake au kitana chake, atamjia ndotoni na kumpa utajiri, mradi anyamaze. Na bei, mara nyingi, ilikuwa mtu wa nyumbani. Utajiri, siri, maiti ya ndugu: riwaya nzima ilikuwa imetundikwa juu ya makochi yetu.

Hata nyumba aliyoichagua si ya kubuni tu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati huo. Hapa kulikuwa na maduka ya Wagiriki, ya Wareno, ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Mwenye ndugu serikalini aliamka ana duka lililojaa. Aliuza vilivyokuwemo, na rafu zilipobaki tupu hakujua pa kuagiza vingine. Haikupita miaka mitatu, serikali yenyewe ikawa inawaita wenye mali warudi. Kisha 1992 na 1993 ikawa zamu ya ndugu zetu wa asili ya Kasai, eneo jirani. Walifukuzwa Likasi na Kolwezi, miji ya madini ya hapa Katanga, familia zikalala kituoni zikingoja treni, nyingine zimegawanyika kwa sababu mke au mume alikuwa wa hapahapa. Nyumba walizoziacha hazikukaa tupu.

Watoto wanaolala humo leo hawana kosa. Ila katika lupango (kiwanja chenye nyumba) wa namna hiyo kuna swali lisiloulizwa mezani. Mwanahistoria akitaka kuliuliza ataombwa karatasi. Mzimu haombwi karatasi, na hapo ndipo naona kijana ana haki ya kumwita.

Sasa mwalimu. Riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hii ilichapwa London mwaka 1764. Katika dibaji mwandishi anajifanya mfasiri tu wa kitabu cha kale, halafu analalamika kwamba mwenye hadithi angetafuta funzo lenye faida kuliko hili la wana kupatilizwa maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Yaani hadithi hizi zilizaliwa zikijitilia shaka zenyewe. Msomaji wa London, lakini, aliweza kufunga kitabu akalala. Hapa kwetu laana ikitoka kitabuni inapata mikono. Familia inazika, biashara inakufa, mtumishi wa Mungu anawaambia kuna minyororo ya ukoo, na mnyororo lazima uwe na mtu anayeushika. Anayepatikana ni yatima anayelelewa kwa baba mdogo, au bibi kizee asiye na wa kumtetea. Huyo ndiye mulozi, yaani mchawi. (Msomaji wa pwani anisamehe: kwetu wingi wake ni balozi, na hawana ubalozi wowote.) Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikaongeza kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Nchi haiandiki mambo hayo katika katiba yake kwa kujifurahisha.

Halafu mwalimu aligeuza ukurasa wa kijana, akachora nyuma yake mraba wenye vyumba vinne. Baba AS, mama AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi; wote wazima, hawajawahi kulazwa. Katika kila mimba, nafasi moja kati ya nne ni mtoto wa SS, mwenye vinasaba viwili. Huyo ataumwa mifupa, ataongezewa damu, na mara nyingi atazikwa mapema. "Ukoo unaozika mtoto kila kizazi," akasema, "ndio huu." Ugonjwa huu ulielezwa na daktari James Herrick wa Chicago mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipoanzisha mji huu, na bado kwenye kilio utasikia ni mama aliyeuleta, ingawa bila damu ya baba mtoto hawezi kuwa SS. Tena umeenea kwetu kwa sababu mwenye AS anakingwa na malaria kali. Kilichomwokoa nkambo utotoni ndicho kinachomuua mjukuu.

Nilimwambia hiyo ni riwaya bora kuliko ya kijana. Hakucheka.

Kwangu mimi wote wawili wana haki, na kipimo kiko katika njia inayofuatwa na hadithi. Mtoto akifa, je, hadithi inapanda hadi kwa mkubwa aliyetenda, au inashuka kutafuta nani mdogo amemla? Ya kwanza naitetea hata mbele ya dada yangu, ambaye anakariri Kutoka 20, yenye maneno yale ya kizazi cha tatu na cha nne, na kuruka Ezekieli 18, palipoandikwa kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Ya pili sitaitetea hata ikiandikwa vizuri. Na katika sura ya nne kijana ameweka binamu yatima, macho mekundu, anayejua mambo kabla hayajatokea. Hapo niliweka alama ya kalamu nyekundu.

Kasoro nyingine ni ndogo: laana yake inatoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama kwa mabwana wa Ulaya. Kwa Walamba na Wabemba wa hapa mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno linaloogopwa ni la mjomba. Kijana amemruka mjomba kabisa. Sijui kama ni heshima au woga.

Jumapili alikuja kuchukua kurasa zake. Macho mekundu alikubali kuyafuta. Yatima alikataa kumtoa: "Akiondoka yeye, mjomba, chumba atakifungua nani? Wengine wote wanafaidika kikibaki kimefungwa." Sikuwa na jibu, na bado sina.

Kisha akaniuliza kuhusu kabati la nkambo, lile lenye herufi mbili zilizochongwa mlangoni ambazo si za mtu yeyote wa kwetu. Nilimwambia nilichoambiwa nikiwa mdogo, kwamba lilinunuliwa mwaka 1974. Aliuandika mwaka huo katika daftari lake, akauliza: "Kwa nani?"