Jiwe linaungua nje, watoto wananakili ubaoni

Wiki iliyopita nilifika shuleni, hapa Dodoma mjini, kumchukua mtoto wa dada yangu nikakuta moshi wa matairi umetanda mpaka barabarani. Nikakimbia nikijua darasa linaungua. Kumbe kinachoungua ni jiwe. Lile jiwe kubwa la nyuma ya madarasa, ambalo watoto wa mtaa mzima wameliteleza miaka na miaka mpaka kaptula zikaisha makalio, kamati imeamua lipasuliwe ili yapatikane mawe ya msingi wa vyoo na kokoto za juu. Sawa. Vyoo vinahitajika, na mimi sigombani na choo.

Kilichonipandisha presha ni dirisha la darasa la tano. Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya moshi, na ndani watoto wameinama wananakili: "Aina za miamba. Miamba ya moto. Miamba tabaka. Miamba geu." Ubaoni mwandiko mzuri kweli, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. Mtoto mmoja wa kiti cha dirishani alikuwa anachungulia nje. Akaambiwa ageuke aandike kazi.

Umbali wa kutupa jiwe, jamani! Mwamba wenyewe uko pale nje unapasuliwa, na kosa la mtoto ni kuutazama.

Nikaenda kwa mzee aliyekuwa anasimamia moto. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, simama upande huu, huko moshi utakumaliza." Nikamuuliza anajuaje kama jiwe limekubali. Hakunijibu, alinyanyua nyundo akagonga sehemu ambayo moto haujafika. Likalia, sauti kali ya juu. Akasogea mpaka palipochomwa tangu jana yake, akagonga tena: pu. "Umesikia? Hapo limeachia. Ngozi imeshaachana na mwili." Akachomeka mtaimbo kwenye ufa, akaulalia, na bamba lenye unene wa kiganja likanyanyuka lote na kubanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake jiwe bichi, lenye rangi ya waridi na madoa meusi. Nikaokota kipande. Ukikigeuzageuza juani unaona vitu vitatu bila kuhitaji miwani: punje za waridi, punje angavu zisizo na rangi, na vimagamba vyeusi vya ulanga vinavyometameta na kubanduka kwa ukucha.

Kazi yote ya yule mzee imejificha kwenye hizo punje. Jiwe hili ni graniti, na graniti si kitu kimoja. Ni kwatzi (zile punje angavu), feldispa (zile za waridi) na ulanga, vilivyoshikana wakati uji wa moto ulipokuwa unapoa taratibu chini kabisa ardhini. Ukilipasha jiwe moto, kila punje inatanuka kwa kiasi chake, kwatzi ikizidi feldispa, na tabaka la juu linatanuka wakati la ndani bado lina baridi. Zinasukumana mpaka zinaachana. Jua letu la mchana, baridi ya usiku ya mwezi wa saba na maji ya mvua vinashirikiana kuumenya Mlima Simba kwa namna inayokaribiana na hiyo, bila tairi hata moja, ila vyenyewe havina haraka ya vyoo. Ndiyo maana milima yetu hapa mjini ina mabega ya mviringo na mabamba yaliyolala miguuni pake.

Sasa hilo lililokuwa linatokea pale nje ni somo gani? Ukiuliza ratiba, itakuchekesha. Vitu kutanuka kwa joto ni Sayansi, ina mwalimu wake na kipindi chake. Miamba ni Jiografia na Mazingira, mwalimu mwingine. Toroli za kokoto ni Hisabati. Kumhoji mzee na kuandika alivyosema ni Kiswahili. Kuchora lile bamba lenye rangi tatu ni Sanaa na Michezo, kipindi ambacho sote tunajua kinaishiaga kwenye kukimbiza mpira. Jiwe ni moja, limekatwa vipande vitano kabla hata mzee hajawasha moto, na kila mwalimu kapewa chake akafungie kabatini. Asubuhi mtoto anafundishwa kwamba joto hutanua vitu, mfano reli. Baada ya mapumziko anafundishwa miamba ya moto, mfano mchoro wa volkano. Hakuna mtu mzima hata mmoja kwenye lile jengo ambaye kazi yake ni kumwambia kwamba haya mawili yamekutana pale nyuma ya darasa na yananuka tairi.

Msidhani natia chumvi. Jioni nilimuuliza yule mpwa wangu, "Graniti ni mwamba wa aina gani?"

"Wa moto, mamdogo." Vema kabisa, maksi zote.

"Umeshawahi kuiona?"

"Hapana. Ipo kwenye volkano."

Mtoto huyu ameteleza kwenye graniti tangu darasa la kwanza! Nyumba anayolala imejengwa juu ya graniti, na njia ya kwenda dukani inapita katikati ya mawe mawili ya graniti yanayozidi urefu wa bati. Yeye anajua graniti ipo kwenye volkano, na volkano ipo kitabuni. Na mtihani atafaulu, maana swali litakuwa na herufi A mpaka E na yeye atasiliba duara linalotakiwa.

Na hapo kwenye volkano nina neno. Mtoto wa Dodoma ukimwambia achore mlima, anakuchorea Kilimanjaro, yenye theluji juu. Sina ugomvi na Kilimanjaro, ni mlima wetu sote na fedha za watalii tunazila sote. Lakini kiumri ule ni mtoto wa juzi, haujafikisha hata miaka milioni 3. Haya mawe yetu ya katikati ya nchi, Dodoma hadi Singida, ni sehemu ya bamba la kale la miamba ambalo wanajiolojia wanalipa umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bilioni, ndugu zangu. Mwalimu wa Hisabati anahangaika kufundisha thamani ya tarakimu, anaandika namba zenye sifuri tisa ambazo hazina kazi yoyote duniani, wakati jiwe lenye umri wa sifuri hizo liko uwanjani na watoto wameanika sweta zao juu yake. Ukigawa umri wa mmoja kwa wa mwenzake unapata hesabu ambayo mtoto ataisimulia nyumbani.

Bila shaka kuna mwalimu anayesoma hapa ameshavuta pumzi ya kunijibu. Najua, mwalimu. Watoto wanne dawati moja, vipindi vimebana, mratibu anataka andalio la somo, na ukiwatoa nje nusu wanatorokea kwenye ubuyu. Na mmoja akijipigia nyundo kidoleni, mzazi wa kwanza kuja kukufokea ni mtu wa aina yangu. Nakubali. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba mtaala ulioanza 2024 umeandikwa kwa nia nzuri: unahimiza vitendo na umahiri, na Jiografia imetolewa kwenye lile furushi la Maarifa ya Jamii ikapewa jina lake. Lakini vitendo gani vilikuwa vinasubiriwa siku ile? Hakuna basi la kukodi wala kibali cha mkurugenzi. Ilikuwa ni kufungua mlango na kutembea mpaka kwa mzee mwenye nyundo, dakika kumi, watoto wasikie jiwe zima linavyolia na lililoachia linavyolia, wasimame upande usio na moshi, warudi. Mwalimu wa Sayansi na wa Jiografia wangeweza hata kwenda pamoja, kama ofisi yao haina ukuta katikati.

Tena wapo watoto mle darasani ambao wangemfundisha mwalimu. Wale ambao mama zao wanagonga kokoto pembeni mwa milima, wamekaa chini ya kivuli cha gunia, mpira wa tairi umezungushiwa jiwe lisiruke likapiga jicho. Mtoto wa pale anajua kwa macho jiwe lipi litatoa ndoo nyingi na lipi litasagika kuwa vumbi tupu. Anajua lililokaa juani miaka mingi linameguka kwa mkono na mteja hulikataa. Akiingia darasani maarifa hayo anayaacha mlangoni pamoja na fagio, kwa sababu hayana namba kwenye muhtasari.

Sura ya nchi nayo ni hivyohivyo. "Bonde la Ufa ni nini?" Wanakariri. Aliyepanda treni kwenda Tabora anajua pale baada ya Saranda treni inavyoanza kukohoa ikipanda kuelekea Manyoni. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa wenyewe, na mpunga wa Bahi unalimwa kwenye sakafu yake. Mchele wa Bahi watoto wanaula, bonde wanadhani liko Kenya.

Na kuna mahali utani unakwisha. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilipozidi, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka, na tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hanang ni mlima wa volkano, si graniti kama wetu, na miamba yake dhaifu iliyolewa maji ndiyo iliyoshuka. Mtoto anayekaa chini ya mlima wowote ana haki ya kujua mlima wake umetengenezwa na nini na maji yakiingia unafanya nini. Sisemi kwamba kipindi cha shule kingeyazuia maporomoko yale. Nasema tu kwamba nilipoona neno "volkano" likinakiliwa siku ile, katika orodha, kati ya nukta mbili, nilikumbuka picha za Katesh na nikakosa cha kusema.

Tuendelee. Maji ya bomba tunayokunywa hapa mjini, kwa miaka mingi, yametoka visima vya Makutupora, na yanakaa ndani ya graniti iliyopasuka na kuchakaa chini ya ardhi. Mtoto anaambiwa maji yanatoka "mamlaka".

Wazee wa Kondoa nao wapo hai na wana hadithi ya makorongo. Ardhi ililiwa na mmomonyoko mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 ng'ombe wakaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika zaidi, kwa machozi ya wenye ng'ombe. Kipindi kimoja cha kumwalika babu darasani kingekuwa jiografia, historia na ugomvi mzuri wa kuandikia insha, maana mpaka leo wapo wanaosema ilikuwa sawa na wapo wasiotaka hata kuusikia huo mradi.

Na kule kaskazini ya Kondoa kuna Kolo, penye michoro ya kale ya miambani. Nashindwa kuelewa kwa nini mtoto anamaliza shule ya msingi Dodoma hajafika Kolo. Lami ipo tangu hapa mpaka huko, njia ya Babati, kama kilomita 180. Chini ya mabamba ya mwamba yaliyoinama na kutengeneza mapaa, watu wa kale walichora twiga, pofu (wale swala wakubwa) na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kwa rangi nyekundu iliyotokana na madini ya chuma. Mapango yaliyoorodheshwa yanazidi 150, na eneo lote liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kama kuna mahali jiwe linagoma kukatwa vipande vya ratiba, ni pale. Usimamapo mbele ya mchoro utasema uko kwenye somo gani? Paa limebaki kwa sababu mwamba ulimenyeka kwa namna fulani, rangi imedumu kwa sababu ya madini, aliyechora alikuwa na macho ya mwindaji, na leo ni mali ya dunia nzima, na mtoto wa hapa hajaiona.

Ziara za mafunzo zinakwenda wapi? Bungeni, kwanza. Sina tatizo na Bunge, viti ni vizuri. Halafu uwanja wa ndege kuangalia ndege ikitua. Halafu sehemu zenye mabembea na mapulizo.

Mwaka huu grupu la wazazi limeanza kujadili ziara, na mchango unatajwa kwa sauti ya kutisha kidogo. Nimeandika "Kolo". Mzazi mmoja amenitumia vikatuni vitatu vinavyocheka mpaka vinalia. Mwingine, ambaye kwa kweli nampenda kwa sababu angalau ameuliza, ametaka kujua kama huko kuna bwawa la kuogelea. Hakuna. Watoto waende na maji yao ya kunywa na chakula, wavae viatu vya kufunga maana njia ya kupanda ni ya mawe, na basi liondoke saa kumi na moja alfajiri ili warudi kabla ya giza. Mwalimu wa Jiografia na wa Sayansi wakae kiti kimoja.