Habari ya Vita Humwacha Msemaji Njiani

Vita vikilipuka popote, simu za sisi tuliohamia Uingereza hupokea swali moja kutoka Sakina na Ngarenaro za Arusha, na Majengo ya Moshi: "Huko wanasemaje?" Anayeuliza anaamini kwamba aliye karibu na studio za London yuko karibu na ukweli. Na Waswahili wengi wa huku, wakiona kilichosambazwa kwenye kundi la ukoo, wanacheka kwamba wa nyumbani wanalishwa matango pori. Kwa maoni yangu wote wanajipa moyo bure. Huku habari inakuja na jina la aliyeisema, ila aliyeisema ni yuleyule kila siku. Nyumbani wasemaji ni wengi kupita huku, ila majina yao hudondoka njiani, na kinachofika kijiweni ni kauli isiyo na baba.

Tuchukue sentensi moja tuifuate. Tarehe 17 Oktoba 2023, karibu saa 1 jioni, saa ambayo Gaza na Arusha zilikuwa sawa, mlipuko ulitokea katika eneo la hospitali ya Al-Ahli. Wizara ya Afya ya Gaza, iliyo chini ya Hamas, ikasema ni shambulio la Israel, na ikatajwa idadi ya waliokufa, 500. Gazeti la New York Times likatoa mtandaoni kichwa cha habari kwamba shambulio la Israel limeua mamia hospitalini, na mkiani likaweka maneno mawili: Wapalestina wasema. Saa chache baadaye kichwa kikabadilishwa, jina la Israel likaondoka. Kikabadilishwa tena, "shambulio" likawa "mlipuko". Israel ilisema ni roketi ya Islamic Jihad, kundi la wapiganaji wa Kipalestina, iliyoanguka kabla ya kufika ilikolengwa. Islamic Jihad ikakana. Wizara ikaja kutaja 471, majasusi wa Marekani wakakadiria kati ya 100 na 300. Tarehe 23 wahariri wa gazeti lenyewe wakaandika kwamba mwanzoni waliegemea mno madai ya Hamas.

Sasa tazama kichwa kile cha kwanza kikishuka kwenye simu ya mtu aliyeketi Soko Kuu. Anayekituma amepiga picha ya skrini, na mkia umekatika, kwa sababu kwa Kiingereza "fulani asema" hukaa mwisho. Anayetafsiri anataka kichwa kifupi cha Kiswahili chenye mtenda mbele: Israel yaua 500 hospitalini. Wa tatu anaondoa tarehe. Hakuna aliyetunga uongo. Kila mmoja kakata kidogo tu. Na upande wa pili wanafanya hivyohivyo: kwenye kundi la kwaya inatembea "Hamas walipua hospitali yao wenyewe", nayo imekatwa "Israel yasema". Masahihisho ya siku sita baadaye hayasambazwi na mtu, maana masahihisho hayana moto wala moshi wa kuonyesha.

Huo mkia ndio tofauti kubwa kati ya chumba cha habari cha huku na meza ya kimataifa ya nyumbani. Huku mhariri akiona idadi ya vifo haina mwenyewe, anairudisha. Nyumbani meza hiyo mara nyingi ni mtu mmoja, analetewa habari za mashirika ya Reuters, AFP au AP kwa Kiingereza, na bado ana habari tano nyingine za kugeuza kabla ya taarifa ya saa 2 usiku. Akikosea, hukosea mahali palepale panapojulikana.

Kosa la kwanza ni hesabu ya majeruhi na maiti. Kiingereza kina neno moja la kijeshi, "casualties", linalojumlisha waliokufa na waliojeruhiwa. Novemba 2022 Jenerali Mark Milley wa Marekani alisema wanajeshi wa Urusi waliouawa na kujeruhiwa wamezidi 100,000. Kwa Kiswahili cha haraka ikawa "Urusi yapoteza askari laki moja", na anayesikia "kupoteza" anaona makaburi laki moja. La pili ni saa. Tarehe 24 Februari 2022 hotuba ya Putin ilirushwa karibu saa 12 asubuhi ya Moscow, ambayo ndiyo saa 12 ya Arusha. Kyiv wakati huo wa baridi ilikuwa nyuma kwa saa moja, yaani saa 11 alfajiri. Habari ya Kiingereza inaandika tano asubuhi kwa saa ya Kyiv. Mtafsiri aliyechoka anaandika "saa 5 asubuhi". Amesogeza vita saa sita mbele, na msikilizaji makini atashangaa kwa nini viongozi wa Ulaya walilaani uvamizi kabla haujaanza.

La tatu ni fedha. Aprili 2024 Marekani iliidhinisha karibu dola bilioni 61 kwa ajili ya Ukraine. Kijiweni: "Zelensky kapewa bilioni 61." Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kutumika Marekani kwenyewe, kununua silaha za kujazia maghala ya jeshi lao yaliyopungua. Neno "kuidhinisha" likibadilishwa kuwa "kutoa", mjadala mzima wa kahawa na kashata unajengwa juu ya mchanga.

Video nazo zina ugonjwa wake. Vipande vingi vilivyosambaa kama mapigano ya Ukraine ni vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3, hadi kampuni iliyoutengeneza ikalazimika kutoa maelezo ya jinsi ya kuvitambua: picha hafifu, kamera inatetemeka, ni usiku, sauti hakuna au haieleweki, na watu wanaotembea huwaoni. Kipande chenye dalili hizo zote, kiache.

Lakini wa huku wasijisifu. Mwaka 2003, kabla ya Iraq kuvamiwa, kura za maoni za Uingereza zilionyesha jambo ambalo lingechekesha kama lisingeua watu. Kura hizi huuliza watu kama 1,000, na jibu linaweza kupotoka asilimia 3 juu au chini. Sehemu hiyo ni hesabu, haina ubishi. Ubishi uko kwenye swali. Ukiuliza kama wanaunga mkono vita bila azimio jipya la Umoja wa Mataifa, ni kama robo tu waliokubali. Ukiuliza kwa sharti la azimio na ushahidi wa silaha, karibu robo tatu. Tarehe 15 Februari London ilijaa waandamanaji. Polisi walihesabu 750,000, waandaaji wakasema wanakaribia milioni 2. Tarehe 18 Machi Bunge likapiga kura, 412 kwa 149, na siku mbili baadaye mabomu yakaanza. Azimio halikuja. Ushahidi haukuja. Hata hivyo ndani ya siku chache wanaounga mkono wakavuka nusu, kwa sababu sasa watoto wao walikuwa wamevuka mpaka na hakuna mzazi anayetaka kusikia kwamba mwanawe yuko kwenye kosa.

Waandishi nao walikuwa humohumo. Zaidi ya 600 waliambatanishwa na vikosi: wanakula na askari, wanalala nao, wamekubali kwa maandishi kutotaja mahali walipo wala kinachopangwa. Picha zao zilikuwa za kweli kabisa. Tatizo ni kwamba kamera iliyo juu ya kifaru huona kule bomba la mzinga linakoelekea, na aliye kwenye nyumba inayolengwa huonekana kama vumbi. Silaha za maangamizi hazikupatikana. New York Times lilikiri Mei 2004 kwamba baadhi ya habari zake za kabla ya vita hazikuchunguzwa vya kutosha; ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa vita hivyo hapa Uingereza, ilisubiri mpaka Julai 2016 kusema njia za amani zilikuwa hazijaisha. Miaka 13! Gaza ni kinyume chake: Israel haikuruhusu waandishi wa kigeni kuingia kwa uhuru tangu Oktoba 2023, isipokuwa kwa ziara za kuongozana na jeshi, kazi ikabaki kwa waandishi Wapalestina, na zaidi ya 100 kati yao wameuawa.

Na wapo wasemaji wanaozimwa kabisa. Ulaya iliipiga marufuku RT, televisheni ya serikali ya Urusi, mwanzoni mwa Machi 2022, na tarehe 18 mamlaka ya utangazaji ya Uingereza ikafuta leseni yake. DStv nayo ikaipoteza mwezi huohuo, kwa kuwa matangazo yalipitia kwa msambazaji aliyebanwa na vikwazo hivyo. Mtu wa Kiboriloni, Moshi, aliondolewa chaneli kwenye king'amuzi anacholipia kwa uamuzi wa Brussels. RT ni mdomo wa Kremlin, hilo halina ubishi, lakini nani alimuuliza huyo wa Kiboriloni?

Hapo ndipo nyumbani panapoizidi huku. Kwenye benchi moja la kahawa karibu na Mnara wa Saa utamkuta wa BBC, wa DW, wa Al Jazeera na wa idhaa ya Wachina, wote kwa Kiswahili au Kiingereza cha kujitosheleza. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipolaani uvamizi wa Ukraine kwa kura 141 dhidi ya 5, nchi 35 hazikuegemea upande. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa humo. Kenya na Rwanda zilipiga kura ya ndiyo. Televisheni za huku zilisema dunia imeungana, na wale 35 wakaelezwa kwa sentensi moja kuhusu ngano na woga. Mzee wa Arusha anayekumbuka kwamba Wasovieti waliwapa silaha wapigania uhuru wa Msumbiji alikuwa na maelezo marefu kuliko hayo. Si lazima awe sahihi. Ila huku maelezo hayo hukuyasikia.

Wala tusijifanye kwetu hapajawahi kuwa na sauti moja. Mwaka 1978 na 1979, vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilisikika kwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kusomwa kwenye magazeti ya chama na serikali. Nyerere akisema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, nani angebisha? Naona vita vile vilikuwa vya haki, lakini kwa baadhi ya wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Monrovia Julai 1979 ilikuwa jeshi la nchi moja kuangusha serikali ya nyingine, na mkutano wa Waganda wa kupanga serikali mpya ulifanyika Moshi, Machi, kabla Kampala haijaanguka. Na Arusha ndiko mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, tarehe 3 Desemba 2003, ilikowatia hatiani watu wa redio RTLM na wa gazeti la Kangura kwa maneno ya uchochezi. Mji huu una haki ya kuwa mkali kuhusu nani kasema nini.

Ndiyo maana Kongo inaniuma zaidi. Desemba 2017 wanajeshi wasiopungua 14 wa JWTZ waliuawa kwa siku moja Semuliki, mashariki mwa Kongo. Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, wengine wawili wakafa. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako Arusha, bendera yake iko palepale. Huku Uingereza vita hivyo hupata dakika mbili, kisha hali ya hewa. Nyumbani, mtu anayekutajia majina ya miji ya Donbas, mashariki mwa Ukraine, bila kukosea hajui Sake iko umbali gani kutoka Goma. Ni kama kilomita 25. Kwa Kongo hatukosi msemaji. Tunakosa hata wa kumnukuu, kwa kuwa mashirika ya habari yanatuma kwa wingi kile ambacho wateja wao wa London na New York wanakinunua.

Kwa hiyo ndugu zangu mlioko huku, mkituma kipande kwenye kundi la ukoo, msitume picha ya skrini. Tumeni kiungo, na juu yake andikeni jina la aliyesema, tarehe, na saa ya Afrika Mashariki. Kikibadilishwa kichwa usiku, rudini kwenye kundi lilelile mseme kimebadilishwa, hata kama shangazi ameshajibu kwa emoji tano za kulia.