Si Una Muda Sasa?

Tangu kazi iote mbawa, kila mtu amekuwa kocha wangu. Zamani walinitafuta wakitaka mkopo, siku hizi wananisema kitambi. "Lakini wewe si una muda sasa? Fanya mazoezi!" Bingwa wa hilo ni shemeji yangu. Anaongea na mimi huku macho kayakaza tumboni, utadhani huko ndiko anakojibiwa.

Ni kweli, muda ninao. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wiki nzima ina dakika 10,080. Toa hizo 150, zinabaki 9,930, na zote ni zangu, hazina mdai. Sasa mbona sifanyi?

Hapo ndipo wenye ajira wasiponielewa. Nilipokuwa kazini nilikuwa mwanamichezo bila kujijua. Nakimbilia basi, napanda ngazi lifti ikigoma, nakaza mwendo nikisikia bosi anakohoa. Leo safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye kochi, na njiani kuna friji. Kutafuta kazi kwenyewe ni kazi ya kukaa: unakaa kuandika barua, unakaa kusubiri majibu, halafu unakaa tu. Alamu niliitega saa kumi na moja alfajiri. Ikilia naiuliza, kwani tunachelewa wapi? Haina jibu. Naizima.

Na msidhani ni uvivu wangu peke yangu. Kule Austria kuna kijiji kinaitwa Marienthal. Kiwanda chake cha nguo kilifungwa enzi za mdororo mkubwa wa uchumi, karibu kijiji kizima kikabaki bila kazi. Watafiti wakaenda kuwachunguza, na matokeo yakachapishwa 1933. Walishika saa mkononi wakapima mwendo wa watu barabarani. Wanaume, wasio na pa kuwahi, walijikokota na kusimamasimama njiani. Wanawake, ambao nyumbani kazi haikuisha, walipita mbiombio. Hata vitabu vya maktaba viliazimwa vichache kuliko zamani, na muda walikuwa nao tele! Nikamwita mke wangu nimsomee, aone kwamba jambo hili lina sayansi yake. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Neema, hapo kwa wanawake umepaona?" Nikazima simu.

Kutembea mchana nako kuna adha zake. Mtu mzima ukikatiza mtaani na raba saa nne asubuhi, watu wanakusalimia kwa sauti ya msibani. Nikabuni mbinu: natembea na bahasha ya vyeti. Sasa nikikaza mwendo, majirani wanasema jamaa kaitwa kwenye usaili, na mama mmoja ameanza kuniombea. Tatizo ni kwamba wananisubiri nirudi na habari njema.

Nikahamia ndani. Simu mfukoni, nazunguka sebule nikisaka zile hatua 10,000 za siku. Nimekuja kusoma asili ya idadi hiyo. Ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na jina la kifaa ndilo lililobeba hizo 10,000. Yaani nimezunguka meza hadi kizunguzungu kwa ajili ya tangazo la biashara! Neema akaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikamwambia, "Kazi."

Mizani nayo ina fitina. Nilipopunguza na chakula, wiki ya kwanza ilinishushia kilo, nikaanza kujigamba nyumba nzima. Kumbe mwili ukipunguziwa chakula huanza na akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Ikitumika, maji yanatoka nayo. Kwa hiyo nilikuwa nashangilia mkojo. Mafuta yenyewe yana ubahili wake: kilo moja imebeba kalori kama 7,700, wakati nusu saa ya kutembea haraka, kwa mtu wa kawaida, inachoma kama 150 tu. Wiki iliyofuata nikapanda tena. Nikavua mkanda, nikatoa funguo, nikashusha pumzi zote. Sindano kimya. Nikavua na saa ya mkononi. Kimya.

Kilichonikomboa ni mke wangu, ingawa yeye hakukusudia. Alichoka kuniona kwenye kochi, akatangaza kuwa kumpeleka Neema shule ni kazi yangu, na kwa miguu. Kengele inalia saa moja na nusu. Kengele ile haiulizi kama una ari, na mlinzi wa getini akishafunga hana undugu na mtu. Basi kila asubuhi mtanikuta nimebeba begi la waridi mgongoni, natoka jasho, Neema yuko mbele ananihimiza. Mchana narudia kumfuata. Suruali ya usaili, ambayo nilikuwa naifunga nikiwa nimelala chali, sasa naifunga nimesimama.

Lakini shule zinafunga Ijumaa. Mwezi mzima! Jana nikamfuata mwalimu kumuuliza kama kuna masomo ya likizo, ikiwezekana yaanze asubuhi sana. Akapekua daftari lake, akatabasamu, "Mzazi, usiwe na wasiwasi, mtoto yuko vizuri kabisa, hana shida yoyote."

Nikamwambia, "Mwalimu, nani kakwambia mwenye shida ni mtoto?"