Mgombea binafsi: ni kazi ya majaji au ya Bunge?

Kila uchaguzi ukikaribia swali linarudi, kwa nini Mtanzania asiye na chama hawezi kugombea hata udiwani? Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka mahakamani mwaka 1993, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema ruksa. Desemba hiyo hiyo Bunge likabadilisha Katiba, mlango ukafungwa. Mtikila akarudi tena 2005, mwaka uliofuata majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi, serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hili ni suala la kisiasa, liachiwe Bunge.

Mimi hoja ya hao majaji saba naielewa kabisa, tena nadhani wengi wanaowalaumu hawajaifikiria vizuri. Katiba ndiyo inayompa jaji kiti chake, sasa akianza kufuta ibara za Katiba hiyo hiyo eti zinapingana na ibara nyingine, nani atamzuia kesho akifuta ile unayoipenda wewe? Jaji hatujampigia kura, hatuwezi kumtoa baada ya miaka mitano. Mbunge tunaweza.

Ila hapo ndipo hoja inaponikwama, manake Bunge lenyewe ni la nani? Kila mbunge wa jimbo kaingia kwa tiketi ya chama, na akifukuzwa chama Katiba inasema ubunge unakwisha, kwa hiyo unamwambia mtu aliyebebwa na chama aamue kama wengine waruhusiwe kuingia bila chama, utegemee nini? Mambo ya bajeti na kodi sawa, waachiwe, wakikosea tutawaadhibu kwenye kura. Lakini hili linahusu nani aruhusiwe kuingia kwenye kura yenyewe, wapiga kura watalirekebishaje wakati wanachaguliwa wa kuchagua?

Serikali ilijitetea kwamba bila vyama tutaingiza ukabila na umoja wa nchi utatetereka. Hofu hiyo siidharau, tumejenga nchi hii kwa shida. Ila Kenya wameruhusu wagombea huru kwenye Katiba yao ya 2010 na ukabila wa siasa zao haukuletwa na hao, ulikuwa ndani ya vyama miaka mingi kabla.

Juni 2013, katika kesi ya Mtikila huyo huyo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo hapo Arusha, ikasema Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki uongozi wa nchi yake na haki ya kutolazimishwa kujiunga na chama. Mtikila alifariki Oktoba 2015 bila kuona hukumu hiyo ikitekelezwa, na mwaka 2019 nchi ikajitoa kwenye tamko lililoruhusu raia kwenda mahakama hiyo moja kwa moja. Hili linaniuma kuliko yote. Mahakama ya nyumbani imesema nenda bungeni, Bunge limenyamaza, ya nje imesema una haki halafu njia ya kuifikia ikafungwa. Raia huyu anayetaka tu kugombea ubunge awawakilishe majirani zake aende wapi?